Panga la Mkono wa Kushoto

Panga liligonga mwanzi, likakataa kuingia, likateleza na kupasua buti langu chini ya goti. Nilisimama nikiutazama ule mpasuko kwenye raba nyeusi, soksi ya bluu ikichungulia ndani yake, nisiamini kwamba mguu bado ni mzima. Mbele yangu njia ilipinda na kupotea kwenye mianzi iliyolaliana. Nyuma yangu alikuwa Kipyegon, msimamizi wetu, na alikuwa ameona kila kitu.

"Weka chini," akasema.

Nikaliweka chini. Kwetu panga halipokezwi mkono kwa mkono, iwe Bungoma au huko mlimani. Anayelitoa hulilaza ardhini na anayelitaka huliokota mwenyewe, watu wasije wakagombana baadaye. Kipyegon aliliokota, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kando ya makali.

"Hii panga ni ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Mama yako anatumia mkono ya kulia."

"Ndiyo."

"Na wewe nimekuangalia wiki yote. Ukidhani hakuna mtu, unahamisha kwa kushoto." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Hii imenolewa upande moja, Lenah. Kwa mkono yako inateleza tu. Na ukishika na kulia, huna nguvu. Jumatatu kuja na panga inakusikia. Kama hakuna, kaa nyumbani. Mimi sitaki kubeba wewe na machela mpaka Kitale."

Ilikuwa Ijumaa, wiki yangu ya majaribio inaisha. Kazi yenyewe ilikuwa ya kufungua vijia vya Mlima Elgon upande wa Kitale, vile wanavyopita wageni na wenyeji wanaopanda mlima. Kila mvua ikinyesha msitu huvifunga, na kila mvua ikikatika sisi huingia kuvifungua. Watu husema ni kazi ngumu. Mimi niliipenda tangu asubuhi ya kwanza, kwa sababu huko ndani kila mtu anapewa kipande chake cha njia na kuachwa peke yake, na mianzi haijali umeishika silaha kwa mkono gani.

Nilikuwa nimefukuzwa mahali pengi kabla ya hapo. Kwa fundi cherehani pale Kamukuywa nilikata kitambaa cha sare kikaenda upande kama njia ya ng'ombe. Saluni nilimchoma mteja sikio. Hotelini nilimwaga chai, tena chai ya mchungaji. Kila mahali walisema Lenah ana mikono mizito, na mimi nilikubali, maana ningesema nini? Mkono mmoja ulikuwa mzito kweli. Ule mwingine hawakuwa wamewahi kuuona ukifanya kazi.

Mama ndiye aliyeuficha. Nilipokuwa mdogo aliufunga kwa kipande cha leso, kila wakati wa kula, mpaka nikazoea kuukalia mwenyewe kabla hajaniambia. Alipotunawisha, maji aliyamimina kwenye mkono wangu wa kulia tu. Ule wa kushoto ulibaki chini ya paja langu, mkavu. Sijui ni mara ngapi nilipigwa kijiko kwenye vifundo vya vidole. Hakuwa mkatili, nataka hilo lieleweke. Alifanya kama mtu anayeng'oa gugu, bila chuki, akijua kwamba akichoka, shamba litaharibika.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikwenda Kitale mjini kutafuta panga langu mwenyewe, la kwanza maishani. Niliingia duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya msikitini, duka lenye mlango wa chuma ambao lazima uusukume kwa nguvu. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa makamo, Zuena, mwenye buibui jeusi na miwani iliyoning'inia shingoni. Nilimsalimu kwa mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa.

"Panga ya nini?" akauliza. "Ya kuni, ya shamba, ama ya kutisha bwana?"

"Ya msituni, Mama. Ya kufungua njia."

Akacheka, akaanza kuyapanga juu ya kaunta, yakiwa bado na mafuta na karatasi. "Hii ndefu waachie watu wa miwa. Msituni itakushikashika kwa matawi. Hii fupi ni ya kuni, itakuvunja kiuno ukiinama nayo siku nzima. Tafuta ya katikati, imejaa tumbo huku mbele, ndiyo uzito ikufanyie kazi." Akanionyesha jinsi chuma kinavyotakiwa kupenya mpini wote mpaka mwisho, si kuishia katikati. Akaligonga moja kwa kifundo cha kidole, likalia vizuri. Akaligonga jingine, likakohoa tu. "Hiyo usichukue," akasema, kisha akalirudisha chini ya kaunta kana kwamba limemwaibisha.

Niliyajaribu yote. La kwanza nikaona mpini ni mnene. La pili likavuta upande. La tatu sikulielewa kabisa. Niliyashika, nikayapima hewani, nikayarudisha, na jasho likaanza kunitoka kwenye duka lenye baridi. Nilikuwa na hakika kwamba kasoro ni ya mapanga. Hata nikaanza kumkasirikia mama wa watu, kwamba ananiuzia takataka.

Zuena alivaa miwani yake. "Mwanangu, yote mabaya?"

Nikajifanya nauchunguza mpini.

"Unajua ile mlango yangu ni nzito," akasema polepole. "Mtu huisukuma na mkono yake ya kazi, hata akiwa na mawazo mengi. Wewe umesukuma na kushoto. Halafu umefika hapa, umechagua panga na mkono ya salamu."

Nilijiona nimerudi utotoni, nimekaa mkekani, kijiko kinakuja. Dukani mlikuwa na wateja wengine wawili, wazee, mmoja akitafuta bawaba, na mimi sikuwa nimewahi kutumia mkono ule mbele ya mtu mzima yeyote ambaye angeweza kunitazama vibaya. Nadhani Zuena aliliona hilo pia. Aliwaambia wale wazee waende upande wa pili, bawaba nzuri ziko huko. Kisha akanigeukia kidogo.

"Na mimi nina misumari ya kupanga huko nyuma," akasema. "Nikigeuka mimi sioni kitu."

Akageuka. Mgongo wake mpana ulisimama kati yangu na duka lote, nikaushika mpini wa lile panga la tatu kwa mkono wa kushoto.

Nitasemaje? Halikuwa na maajabu. Lilitulia tu. Nililiacha lining'inie ubavuni, ncha ikaishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, pale pale linapotakiwa. Nililizungusha taratibu hewani, uzito ukatangulia mbele na mkono ukaufuata bila ubishi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na sikuwahi kujua kwamba kifaa kinaweza kukubaliana na mtu namna hiyo. Machozi yalinijia nikayafuta na karatasi ya mafuta, nikajipaka grisi usoni. Zuena alipogeuka aliniona hivyo, hakuuliza. Alilifunga panga kwa gazeti, akalilaza juu ya kaunta upande wangu wa kushoto.

Mpaka leo nikipita Kitale huingia kumsalimu, hata kama sina cha kununua. Wako watu waliowahi kunifanyia mambo makubwa kuliko hilo, na ninawashukuru. Lakini yeye ndiye ninayemtaja kwenye sala.

"Haijanolewa," alisema nikitoka. Panga jipya huja butu, makali anayatia mwenyewe nyumbani. "Nani anakunolea?"

"Mama yangu."

"Basi itabidi umwambie."

Hilo nilikuwa nimeliwaza tayari. Ningeweza kulipeleka kwa vijana wenye mashine pale soko la jua kali, likawa tayari kabla ya saa sita. Lakini kwetu, tangu Baba afariki, hakuna chuma kinachopata makali bila kupita mikononi mwa Mama. Jembe, kisu, fyekeo, vyote ni vyake. Halafu nilikuwa nimechoka kujificha msituni. Nilitaka mtu mmoja anione, na nilitaka awe yeye.

Nilimkuta uani Kamukuywa akipukuchua mahindi. Nililaza panga chini mbele yake, akalifungua gazeti na kuliokota. Akaligonga, akalisikiliza, akauangalia mpini mpaka mwisho.

"Hili ni panga," akasema. Kwa Mama hiyo ni sifa kubwa. Tulikuwa tunaongea Kibukusu, na maneno yake nayaandika hapa nikijua kwamba kwa Kibukusu yalikuwa na uzito zaidi.

Alileta tupa yake, akakaa kwenye kigoda, akaliegemeza panga kwenye gogo na kuukanyaga mpini kwa unyayo. Tupa ikaanza kwenda, upande ule ule aliozoea. Nilisikia mikwaruzo miwili mitatu, na kila mmoja ulikuwa unaniondoa kwenye ile kazi.

"Mama, ngoja kidogo. Lipe makali upande huo mwingine."

Mkono wake ukasimama. Kuku alipita katikati yetu akadonoa punje, akaenda zake.

"Kushoto?"

"Kushoto."

"Nilikufunga mpaka ukaacha."

"Sikuacha, Mama. Niliuficha."

Nilimweleza habari ya buti lililopasuka, na Kipyegon, na Jumatatu. Nikamwonyesha mguu wenyewe, ngozi nzima bila mchubuko. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaligeuza panga.

Nikamwona mama yangu akishindwa. Mwanamke huyu hunoa huku akisimulia habari za jirani bila kuangalia chini, lakini sasa tupa iliruka, ikamkwaruza kifundo cha kidole. Akaihamishia mkono wa pili, ikawa mbaya zaidi. Akasimama, akakigeuza kigoda kikaangalia ukuta wa jikoni, akakaa tena, akajaribu kusukuma badala ya kuvuta. Alikuwa na miaka karibu hamsini, na alikuwa anaanza upya kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote Kamukuywa. Akaguna. Ulimi ulimtoka pembeni mwa mdomo, kama wa mtoto anayejifunza kuandika.

"Kila kitu kiko kinyume," akasema. "Mkono unajua pa kwenda, lakini hauendi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Nilikuwa nimeyaweka tangu enzi za kile kijiko, mengine makali kuliko panga lenyewe. Nikamwangalia anavyohangaika, na yote yakanitoka kichwani.

Akanoa kidogo, kisha akaishusha tupa.

"Ndivyo ulivyokuwa ukisikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Hakuinua macho. "Bibi yako aliniambia hakuna mkwe atakayepokea chakula mkononi mwako. Nikaogopa. Nilikuwa mtoto mimi mwenyewe, Lenah, na nilikuwa nawaogopa wote."

"Najua," nikasema, ingawa nilikuwa ndiyo kwanza ninajua.

Alichukua jioni yote. Sikumsaidia, kwa sababu nilipoinuka kidogo alinitazama kwa namna iliyonifanya nikae tena. Makali hayakunyooka sana. Mpaka leo yana mahali pamoja karibu na ncha ambapo yamepinda kidogo, na nimekataa kabisa kumruhusu mtu kuparekebisha. Alipomaliza alilaza panga ardhini, nikaliokota kwa mkono wa kushoto mbele ya macho yake.

Jumatatu Kipyegon aliomba alione. Nililiweka chini, akaliokota, akapitisha kidole gumba, akafika pale palipopinda na kutabasamu kidogo. "Huyu hakuwa fundi," akasema.

"Ni mama yangu."

Akaitikia kwa kichwa, akalilaza tena chini, kisha akanionyesha mahali mianzi ilipoanguka yote kwa pamoja na kuiziba njia, kazi ambayo kwa kawaida hupewa wanaume wawili. "Tangulia," akasema. Nikatangulia, na sijarudi nyuma mpaka leo. Vijia vile navijua kona kwa kona, na watu wasionijua hupita humo wakiongea na kupiga picha, bila kujikwaa.

Lakini nikikumbuka siku zile huwa siikumbuki sana Jumatatu. Ninachokumbuka ni ile Jumamosi, giza halijaingia bado, panga limeegemezwa ukutani, Mama amepakua ugali na mboga za kienyeji. Alikuja na jagi la maji ya vuguvugu na beseni, kidole chake kilichokwaruzwa kimefungwa kipande cha leso. Nilikuwa nimekaa mkekani mahali pangu pa zamani. Bila kufikiri, nilikuwa nimeukalia mkono.

Mama alisimama mbele yangu na jagi, akangoja.

"Lete mkono," akasema.

Hakusema upi. Niliutoa chini ya paja, akanimiminia maji taratibu, mpaka kwenye kiwiko.