Kiti cha Lalla Dalenda

Wodi yetu siku hizi haina viti. Wamevitoa, eti vinabeba vijidudu na vinaizuia ile kompyuta ya magurudumu isipite. Haya. Nesi anaingia na kompyuta yake, anamuuliza mgonjwa maumivu ni mangapi kati ya moja na kumi, anabonyeza, huyo kaondoka. Dawa za leo ni bora, sikatai, zamani tungezipata tungepiga vigelegele. Lakini mie nikipita kitanda cha dirishani bado nakitafuta kiti kwa macho, na roho inaniuma.

Kiti chenyewe kilikuwa cha Lalla Dalenda, yaani Bibi Dalenda, metroni wetu. Ndiye aliyenipokea nilipofika Tunis kutoka Beja, msichana wa mashamba ya ngano niliyeogopa hata harufu ya spiriti. Mfupi, mnene, mkali kama harisa, ile pilipili ya kusaga ya kwao Nabeul. "Najet! Mikono ya baridi hiyo unampelekea nani? Mgonjwa si samaki!" Basi tukawa tunapasha mikono kwenye glasi za chai kabla ya kumgusa mtu. Ah, siku zile! Tulimwogopa, na tulimpenda kuliko mama zetu.

Alikuwa na sheria moja. Ukiwa kazini, simama. Kiti ni cha jambo moja tu: siku habari ni mbaya na mgonjwa anataka kujua, kivute uketi, macho yenu yalingane, wala usiondoke mpaka yeye amalize. "Mtu haambiwi kifo chake na aliyesimama mlangoni kama anayewahi treni," alikuwa akisema. Wagonjwa wenyewe walijua. Ukikiburuta kile kiti cha chuma, wodi nzima inanyamaza.

Alistaafu, akawa anakuja kututembelea kila masika. Maua ya michungwa yakifunguka, yeye na dada yake Wassila walikuwa wakiyachemsha na kuukeneka mvuke wake uani kwao Nabeul, kwenye sufuria kubwa ya shaba, na chupa ya kwanza ya maji hayo ya marashi ilikuwa yetu. Tone kwenye kahawa, tone kwenye kitambaa cha mwenye homa. Wodi ilinukia hadi kiangazi.

Masika ya juzijuzi hakuja na chupa. Aliletwa kwa machela. Ilikuwa kansa ya ini, na tulikuwa tumeshachelewa.

Mwanawe Shadli, niliyemjua tangu anatambaa, alinivuta koridoni. "Mama mdogo, kwa chumvi na mkate uliokula kwetu, usimwambie. Sema ni vidonda vya tumbo." Ndivyo tulivyo huku kwetu: ukoo mzima unajua, mgonjwa peke yake hajui, na daktari anaitikia kwa kichwa. Nikaapa sitafungua mdomo.

Basi nikawa namsikia Lalla Dalenda kila asubuhi. "Mwaka huu maua yatanipita, Najet. Si kitu. Mwakani nitakeneka mwenyewe." Mwakani! Nilikuwa nakimbilia stoo ya mashuka nikalie huko.

Wassila akapiga simu kwamba maua yanakwisha, umebaki mti mmoja wa uani. Nikamkabili Shadli. "Mpeleke nyumbani, baba. Unamnyima msimu wake wa mwisho."

"Nikimtoa hospitali bila kupona si atajua?"

"Na ajue!"

"Ukimwambia utamuua wewe, si ugonjwa," akasema, akaenda zake amevimba.

Usingizi sikuupata. Kesho yake alasiri nikaingia stoo ya vyombo vibovu walikovitupa viti, nikahamisha vitanda, nikakitoa kile kiti. Nikakiburuta wodini kote. Vinesi vikanitolea macho. "Mama Najet, viti haviruhusiwi!"

"Nendeni mkanishtaki."

Nikakiweka kando ya kitanda chake, nikaketi. Mdomo sikuufungua, kiapo ni kiapo.

Akakitazama kiti, kisha akanitazama mimi. "Umekaa," akasema.

"Nimekaa, Lalla."

Akageukia dirishani. Chozi likamshuka, akaliacha lishuke. Kisha akanishika mkono. "Mkono una moto. Angalau kitu kimoja ulishika kwangu, we mtoto wa Beja." Nikacheka huku nalia, sina haya.

"Macho yangu ni manjano, nami nina kioo," akasema. "Unadhani metroni mzima hajui? Nilikuwa nangoja wa kuketi. Shadli anaingia anacheka, maskini, kudanganya kwenyewe hajui, nitaanzaje kumvunja moyo? Wassila ameshachuma?"

"Umebaki mti wa uani."

"Ule ndio mtamu kuliko yote! Mwite Shadli. Na hicho kiti kiache hapo, ni chake."

Shadli akaja na bakuli la supu, amejichekesha vilevile. Akakiona kiti, na kicheko kikamkauka. "Keti, mwanangu," mama yake akamwambia. Nikavuta pazia nikatoka. Nilimsikia mwanamume yule analia kama siku alipovunjika mkono utotoni, na sauti ya mama yake ikimwambia pole, pole, mimi nipo.

Kesho yake Shadli alinisaidia kukirudisha kiti stoo, kisha akambeba mama yake mwenyewe hadi garini. Nilimpa dawa za maumivu na kumwelekeza namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Wassila alinisimulia kwa simu kwamba Lalla Dalenda alilazwa kwenye godoro uani, na akagomba tangu moto unawashwa mpaka chupa ya mwisho: moto mkali huo, mnataka kuyaunguza maua yangu? Nilicheka peke yangu jikoni hadi kahawa ikafurika.

Halafu simu zikakatika, nami nikaogopa kupiga.

Siku moja natandika kitanda cha dirishani, nikamwona Shadli mlangoni, ana chupa iliyofungwa kwa gazeti. "Lalla hajambo?" nikamuuliza.

Aliiweka chupa mezani, akaenda stoo mwenyewe, na nikasikia chuma kinaburutwa sakafuni. Wodi ikanyamaza. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Alikiweka kiti mbele yangu, akaketi, macho yetu yakalingana, na hakuondoka mpaka nilipomaliza kulia.