Mzigo wa Bondeni Una Mwenyewe

Kaka yake walimwita Lumbesa, kama mzigo uliojazwa kupita kipimo, na jina lilimkaa. Ndiye aliyenunua nyanya za bonde zima. Kila tenga alilijaza mpaka likafanya kichuguu, kisha akalipa bei ya tenga la kawaida. Dada mtu, naye mkulima wa nyanya, alivumilia misimu mingi. Ndugu ni ndugu.

Msimu huu alikataa kumuuzia. Mumewe, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani, alimwonya kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akamjibu kwamba hili limebakiza mifupa. Akakodi pikapu, akapanga matenga kwa mkono wake, na jua lilipochomoza alikuwa langoni mwa soko la mjini.

Wapagazi walimtazama tu. Alipotaka kushusha mwenyewe, dalali mmoja mnene, mpole wa maneno, akamwita kivulini.

“Dada, unatoka bondeni?”

“Ndiyo.”

“Mzigo wa bondeni una mwenyewe hapa. Mimi nikiununua leo, kesho sipewi kitu.”

Hakumwamini. Akazunguka kwa wachuuzi, meza hadi meza, na nyanya mbili mkononi. Walizibonyeza, wakazisifu, wakamrudishia. Mchana jua likawaka, matenga ya chini yakaanza kuchuruzika maji, na dereva akanung’unika kwamba ana safari nyingine. Hapo akamwambia ageuze gari.

Lumbesa alikuwa uani kwake ananawa mikono. Hakumcheka, na hilo ndilo lililomuuma. Alimvutia kiti, akamuuliza hali ya shemeji, akawaagiza watu wake wachambue. Zilizopasuka wakazitupa, zilizobaki wakazishindilia mpaka matenga yakavimba.

“Bei imeshuka, dada. Ungekuja jana.”

“Jana ungenipa ipi?”

Akafikiri kidogo. “Hii hii,” akasema.

Dada mtu akapokea. Dereva akachukua chake palepale, na kilichosalia hakikutosha hata dawa.

Nyumbani, mumewe alimsikia akiingia, akajigeuzia ukutani asije akalazimika kuuliza. Mke akaketi ukingoni mwa kitanda, viatu vya safari bado miguuni.

Baada ya siku chache alikuwa kitaluni akimwagilia miche ya msimu ujao, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Jirani mmoja akapita, akamuuliza mjini kukoje, maana naye anafikiria kupeleka za kwake. Alimwambia kuko mbali, akaendelea kumwagilia.