Utenzi wa Nzige na Eda ya Mwahija

Mwaka wa pili tangu Wadachi waanze kutoza kodi ya nyumba, hapakuwa na nyumba Kilwa Kivinje yenye maneno mengi kuliko ya Tawakali kinyozi. Mchana kutwa alinyoa vichwa vya mji, vya wachuuzi, vya askari na vya makarani wa bomani, na kila kichwa kilimwachia habari yake. Jioni alizibeba zote nyumbani akammwagia mkewe, Mwahija, moja baada ya nyingine, bila kupumua.

Mwahija alikuwa mtunzi. Harusi za mji ule hazikunoga bila shairi lake. Lakini shairi la harusi ni beti kumi na tano na pilau, basi. Sasa moyo wake ulitaka utenzi mrefu, utenzi wa nzige waliokula nchi nzima miaka michache iliyopita. Karatasi alizipata kwa mumewe huyo huyo, aliyepewa na karani mmoja wa boma zile zilizokwisha kuandikwa Kidachi upande mmoja. Wino alichanganya mwenyewe kwa masizi na gundi ya mti. Kilichokosekana ni kimya. Akiandika mshororo mmoja, mumewe anamweleza nani kagombana na nani sokoni. Akiandika wa pili, anamweleza wamepatana vipi.

"Mume wangu," alimwambia siku moja, "niruhusu niende Mitole kwa shangazi Kidawa. Mwezi mmoja tu, nimalize utenzi."

"Mwezi! Na mimi nizungumze na nani?"

"Na vichwa vyako."

"Vichwa vinalala, Mwahija. Nikishika wembe tu, mtu anasinzia."

Ruhusa ikakataliwa. Ijumaa iliyofuata Mwahija alikuwa ameuacha wino upoe katika kikombe kidogo cha kahawa, kando ya birika. Tawakali, kanzu imepigwa pasi, mbio mbio aende msikitini, akakinyanyua huku akieleza jambo la mkwe wa jirani, akakimimina kinywani chote. Akakunja uso. "Leo umeiunguza kahawa," alisema, akaendelea na habari ya mkwe mpaka akatoka mlangoni. Mwahija alikuwa jikoni na hakuona kitu.

Baada ya sala, Tawakali alipogeuka kupeana mikono na watu, midomo, meno na ulimi vilikuwa vyeusi tititi. Mmoja alimuuliza kama amebusu sufuria. Mwingine akamwomba atoe ulimi tena, kwa kuwa ndugu yake hakuwahi kuuona. Msikiti mzima ulitoka unacheka.

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Mwahija alipomwona, naye, Mungu amsamehe, akacheka.

"Unacheka? Basi nimekuacha! Talaka moja! Nenda kwenu, kalale na karatasi zako!"

Kwao Mwahija palikuwa Mitole, maana wazazi walikwisha kufa na shangazi ndiye aliyebaki. Na eda ya talaka, kama kila mtu ajuavyo, ni karibu miezi mitatu. Miezi mitatu! Yeye aliomba mmoja. Uchungu ulimchoma kweli, kwani alimpenda mumewe. Lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kuanza kukunja karatasi.

Mitole alifika baada ya mwendo wa siku nzima. Shangazi Kidawa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya shamba, alimpa chumba kinachotazama mihogo, akampa kigoda, akamfungia mlango. "Haya mwanangu, tunga."

Siku nane Mwahija hakutunga hata mshororo. Kimya kilikuwa kingi mno. Alisikia kuku anatembea. Alisikia jani linaanguka. Siku ya tisa alitoka na beti arobaini alizokuja nazo, akamsomea shangazi, angalau apate moyo. Ndani yake mlikuwa na majeshi ya nzige, na panga za nzige, na sultani wa nzige juu ya kiti cha dhahabu.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hawa nzige wa wapi?"

"Wa hapa, shangazi. Wa mwaka ule."

"Wewe ulikuwa Kivinje, mwanangu. Kwenu walipita juu. Sisi walitushukia." Akaweka ungo chini. "Walikula mtama, wakala majani ya mihogo, wakala ufagio wangu. Nilisimama hapo nikalia mpaka basi. Halafu nikaona haina maana kulia na chakula kimejaa uani. Nikawasha moto."

"Ukawala?"

"Sasa ningekula nini? Wamekula kila kitu. Kila kitu kimo matumboni mwao. Nilikula mtama wangu kwa njia ya mzunguko."

Mwahija alirudi chumbani anacheka peke yake, akaifuta dhahabu ya sultani, akaandika:

*Walishuka kama mvua,*
*wakalifunika jua,*
*Kidawa akachukua*
*chungu, chumvi akatia.*

Tangu hapo kalamu haikulala. Asubuhi alifuatana na shangazi kupalilia, akiuliza maswali, mchana aliandika. Watu wa Mitole wakawa wanapita wenyewe kuleta nzige wao. Mmoja alimletea habari ya paa la nyumba lililoliwa na nzige huku mwenye nyumba yumo ndani amelala. Hapo ndipo Mwahija alipogundua jambo lililomuudhi kidogo: kila alipotaka mtu wa utenzi aseme, alisema kama Tawakali.

Tawakali naye hali ilikuwa mbaya. Kibandani alijitapa kuwa mke atarudi mwenyewe akiomba radhi. Mwezi ukapita, mke haji. Akafunga kibanda, akaenda Mitole, akasimama nje ya ua wa makuti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kusema neno?" Alimaanisha neno la kurejea, kwa kuwa mume wa talaka moja akisema "nimekurejea" kabla eda haijaisha, mke amerudi.

Tawakali akakohoa. "Mwahija, nikisema sasa?"

Sauti ya Mwahija ikatoka ndani ya ua. "Ukisema nitafungasha, sheria ni yako. Lakini utenzi utabaki nusu. Na kila jioni ukianza maneno yako nitakuwa nakutazama."

Tawakali alilijua lile jicho. Akauliza, "Zimebaki beti ngapi?"

"Sitini."

"Na eda imebaki siku ngapi?"

"Hesabu ya eda ni ya mwanamke," alijibu shangazi, na kweli ndivyo ilivyo. Tawakali akarudi Kivinje bila kusema neno lile, na bila kujua amebakiwa na siku ngapi.

Aliamua kumsaidia amalize upesi. Mtu mmoja wa Mitole, Likwata, alikuwa akipeleka sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti, kuuza Kivinje kila wiki, na kila wiki alirudi na ujumbe. "Mumeo anasema kina cha nzige ni dige. Dige ni nini hajui, ila anasema wewe utajua." Wiki iliyofuata: "Anasema tumbo na fimbo, na kama hazitoshi, kuna kombo." Mwahija alivicheka vina vyote, akatumia kimoja, hakumwambia mtu.

Kwenye mwezi wa tatu Tawakali alishindwa kuvumilia. Alifika Mitole asubuhi, amekonda, akakaa chini nje ya ua.

"Zimebaki beti ngapi?"

"Kumi na moja," alisema Mwahija. "Usiseme kitu."

Na Tawakali hakusema kitu. Jua likapanda. Watu wakapita wakimsalimu, akawajibu kwa mkono. Adhuhuri ikaingia, akasali, akarudi pale pale. Mara mbili shangazi alichungulia kama mkwewe yu hai. Huko ndani ni Mwahija aliyeshindwa. Kimya cha mtu yule kilimtisha kuliko kelele zake.

"Tawakali! Upo?"

"Nipo. Andika."

Jua lilikuwa limeanza kuteremka Mwahija alipoweka kalamu chini. Akakaa nyuma ya ua, akaanza kumsomea mumewe tangu mwanzo. Likwata na kaka yake Pazi, waliokuwa wakipita na majembe begani, wakasimama kusikiliza. Walicheka paa lilipoliwa, wakanyamaza watoto walipolia njaa. Kisha nzige wakafika Kivinje, na hapo akatokea kinyozi mmoja aliyepanda juu ya pipa akawahutubia. Aliwaeleza habari za mji wote, nani kaoa, nani kanuna, mpaka nzige wakachoka, wakaamua wenyewe kuupita mji ule na kwenda zao.

Likwata alicheka mpaka jembe likamwanguka. Tawakali hakucheka. Alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa kanzu.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeuokoa mji," alisema polepole.

"Ni wewe."

Akasimama, akavuta pumzi. "Likwata, Pazi, shuhudieni. Nimemrejea mke wangu Mwahija." Kisha, kwa sauti ndogo, "Shangazi, sasa niambie. Eda ilikuwa imebaki siku ngapi?"

"Mbili," alisema shangazi. "Kesho kutwa ungekuja na posa mpya, na mimi mahari yangu ningeipandisha."

Tawakali akakaa chini tena.

Kesho yake walishika njia ya Kivinje. Walikuwa wamekubaliana kwamba kila mwaka, baada ya mavuno, Mwahija atakaa mwezi mmoja Mitole, bila talaka ya mtu. Tawakali, mwenye deni la siku nzima ya kunyamaza, alizungumza toka mihogo ya shangazi mpaka bahari ilipoonekana. Mwahija alitembea nyuma yake, mzigo kichwani, akisikiliza nusu nusu. Ghafla akasimama, akashusha mzigo, akatoa kalamu.

"Hebu sema tena hilo ulilosema sasa hivi."

Tawakali akageuka, ameduwaa. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuombwa kurudia.

"Lipi?" aliuliza, akakuna kichwa. Alikuwa amekwisha kulisahau.