Kambale wa Kisiwa Kidogo

Jumanne jioni Claudine alishuka kwenye tramu pale Evere, mtaa wa Brussels, akiwa na mfuko wa viazi mkononi na kundi la ndege nyuma yake. Walikuwa ndege wadogo wa kijani, wenye duara jeupe kuzunguka jicho, wale ambao kwa Kiswahili wanaitwa kinengenenge. Mahali pa jicho lenyewe palikuwa na pamba. Kila mmoja alikuwa na karatasi iliyofungwa mguuni kwa uzi, na walipopita juu ya kituo cha basi karatasi zile zilipigapiga kama nguo za mtoto mchanga kwenye kamba. Watu waliokuwa wakingoja basi waliinua macho, kisha wakayarudisha kwenye simu zao.

Ndege hao walikuwa wamekufa zamani. Mholanzi mmoja aliwapiga risasi kwenye kisiwa kidogo cha Indonesia, upande wa Maluku, kabla bibi yake Claudine hajazaliwa. Wakatolewa nyama, wakajazwa pamba, wakaletwa Brussels na kulazwa chali ndani ya droo, katika jumba la kuhifadhi viumbe ambako Claudine anafanya kazi. Siku ile alikuwa amewatoa ili awapime mabawa na midomo. Alipofunga droo saa ya kutoka, droo ilikuwa tupu. Hakurudi kutazama chini ya meza. Alivaa koti, akazima taa, akaenda kununua viazi.

Kazi yake ni hii. Kuna kamati inayokaa na kusema ndege gani ni wa peke yake na ndege gani ni yuleyule wa mahali pengine. Ndege akipewa jina lake, anahesabiwa peke yake, na akihesabiwa peke yake inaonekana kama amebaki mchache, na wakisema amebaki mchache msitu wake haukatwi. Asipopewa jina, anahesabiwa pamoja na ndugu zake wa kisiwa kikubwa cha jirani, ambao ni wengi kama mchanga, na hapo hakuna wa kumlilia. Chini ya msitu wa kisiwa kidogo kuna nikeli, ile ya kutengenezea betri. Mashine zilikuwa zimekwisha kushushwa ufukweni. Zilikuwa zinangoja neno la kamati, na kamati ilikuwa inakaa Ijumaa.

Claudine alikuwa na karibu kila kitu. Rangi ya koo ilitofautiana vya kutosha, urefu wa mdomo pia. Kilichokosekana ni sauti. Hakuna aliyewahi kuirekodi, na sasa kampuni ya machimbo ilikuwa imefunga kisiwa, haingii mtu. Kwa sababu hiyo alikuwa halali vizuri. Alikuwa anaanza kumenya kiazi, anakiacha, anakwenda dirishani, anarudi, anakuta kiazi kimebadilika rangi.

Mama mkwe wake, Maman Rolande, alikuwa sebuleni na rozari yake. Aliwatazama ndege wakiingia mmoja mmoja.

"Claudine, bale ni banani?"

"Ni bageni, maman. Bananifwata toka kazini."

"Banakulaka?"

"Apana. Mu tumbo muko pamba tu."

"Bon, bakae. Lakini juu ya Maman Maria, non."

Wakaenda kukaa juu ya picha ya Bikira Maria, wote, wakibanana. Maman Rolande aliwaangalia muda, akaona wamekaa kwa adabu na hawachafui, akaendelea na fumbo la tatu la rozari.

Hawakutulia. Wakitoka kwenye picha wanakwenda kwenye pazia, wakitoka kwenye pazia wanakwenda juu ya friji, na karatasi zao zikigonga vioo. Mlango ukagongwa. Alikuwa Greta, Mbelgiji wa ghorofa ya chini, mjane kama Maman Rolande, amevaa aproni.

"Madame Claudine, karatasi za ndege wako zinagonga vioo mpaka nazisikia kwangu chini. Haziwezi kukatwa?"

"Haziruhusiwi kukatwa, madame. Zikikatwa, hawana tena ushahidi wa wanakotoka."

"Ah, kama ni karatasi za ukaazi naelewa," Greta alisema. Akashuka, akarudi na vibanio vya nguo vidogo, wakaketi wote watatu wakakunja karatasi moja moja na kuzibana. Ndege walinyoosha mguu wenyewe, kama mtoto anayevalishwa soksi.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya majengo, ndege wakaimba.

Haikuwa sauti ya kinengenenge wa kisiwa kikubwa. Ile Claudine aliijua, ameisikiliza mara nyingi kwenye kompyuta: inapanda tu kama swali. Hii ilipanda, ikakatika, ikashuka polepole, halafu mmoja peke yake akamalizia kwa sauti nyembamba wakati wengine wamenyamaza. Claudine alichukua simu akairekodi yote. Mwishoni inasikika pia Maman Rolande akisema "sasa na saa ya kufa kwetu, amina," kwa sababu hakukatisha sala.

"Banaitwa nani?" Maman Rolande aliuliza walipomaliza.

"Njo ile tunatafuta, maman. Habana jina."

"Mbele yao kulizaliwa nani?"

Claudine akafikiri. "Bale ba kisiwa kikubwa. Bo balipewa jina kwanza."

"Donc hawa ni Kambale. Ulikuwa unatafuta nini?"

Wao ni Wanande, wa Butembo, mashariki mwa Kongo, na kwa Wanande mtoto hachaguliwi jina, anakuta jina lake linamngoja. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea. Wa kwanza akifa, wa pili hapandi kuchukua nafasi yake. Mume wa Claudine, anayefanya kazi ya kupanga mizigo kwenye bohari moja ya Anderlecht, ni Kambale. Isipokuwa mama yao, hakuna nyumbani aliyepata kumwona kaka yake, maana alikufa kwa surua kabla ya kutambaa, lakini Mnande yeyote akisikia jina hilo anajua kwamba mbele ya mtu huyu kuna mwingine, na kwamba Maman Rolande alizaa mara moja zaidi ya wanavyoona.

Kambale aliporudi kutoka kazini alikuta kiti chake kimekaliwa. Akamsogeza ndege kwa kidole, akakaa.

"Nasikia wamekupa jina langu," alimwambia.

"Sasa nikiita Kambale aje kula," Claudine akasema, "nani atakuja?"

"Mwenye tumbo," mama yake akajibu, akampakulia.

Ijumaa Claudine alivaa suti ya kanisani. Ndege walikwenda naye. Ndani ya tramu walikaa kwenye vyuma vya kushikia, na mwanamke mmoja akamwondolea mtoto wake kofia ili mmoja apate pa kutua.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na birika za kahawa. Mwenyekiti alikuwa Dimitri, mtu mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake sambamba. Pembeni alikaa Willem, mzee mtunza droo, aliyezaliwa Bukavu kwa wazazi Wabelgiji na anayejua Kiswahili cha misheni. Willem aliwatazama ndege wakijipanga juu ya pazia, akawatambua kwa karatasi zao, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba wamefika wote.

Claudine akaeleza koo, akaeleza mdomo. Halafu akaweka simu mezani, sauti ikajaza chumba. Ilipofika mahali pa yule mmoja anayemalizia, ndege mmoja wa pazia akamalizia pamoja na simu.

"Sauti imerekodiwa kutoka kwa ndege hawa hawa?" Dimitri aliuliza.

"Hawa hawa."

"Baada ya kufa kwao."

"Ndiyo. Evere, nyumbani kwangu, Jumanne."

Wakanong'onezana. Mmoja alisema kanuni inataka sauti ya ndege halisi, haisemi lazima awe hai. Wakakubaliana kwamba karatasi za miguuni zinatosha kuthibitisha. Wakauliza yule mama anayesikika mwishoni ni wa aina gani, Claudine akasema ni mama mkwe, wakaandika. Sauti ikapita. Willem alimkonyeza Claudine. Claudine akarudisha simu mfukoni.

"Limebaki jina," Dimitri alisema, akisogeza kalamu. "Umependekeza kambale. Maana yake, kwa kifupi?"

Angeweza kusema ni jina la mume wangu. Angeweza kusema ni jina tu la kwetu. Lakini Claudine alilelewa kusema jambo lote, na alilipenda jina lile. Akaeleza vizuri, kama anavyowaeleza watoto wa katekesimu: kwamba wa kisiwa kikubwa alitangulia, huyu akamfuata, na kwamba kwa Wanande wa pili ana jina lake tangu tumboni, hakuna wa kumnyang'anya.

Dimitri alisikiliza kwa makini.

"Huyo wa kwanza anaishi?"

"Anaishi. Wamejaa."

"Na hawa ni wa nyumba moja?"

"Nyumba moja, watu wawili."

"Kwa hiyo, kama wa pili akiondoka, nyumba haifungwi."

"Mtu anakuwa amekufa," Claudine alisema.

"Lakini nyumba haifungwi. Madame, hakuna aliyetusaidia kuliona jambo hili waziwazi kama wewe. Tulikuwa tunabishana juu ya midomo. Wewe mwenyewe umetuambia ni mdogo wa yule." Akaandika. "Kazi yetu ni kulinda nyumba zinazokaribia kufungwa."

"Kwetu mdogo si yule yule."

"Kwenu, ndiyo," Dimitri alisema bila ubaya wowote.

Wakapiga kura ya kumhesabu pamoja na ndugu zake wa kisiwa kikubwa. Mikono iliinuka taratibu, bila haraka, mpaka wa Willem, ambaye alipoona amebaki peke yake aliuinua nusu, kama mtu anayejikuna sikio. Kisha mtu akauliza kama kahawa ingali moto. Katika korido Willem alimfikia Claudine.

"Mama, ungaliwaambia ni jina la mto," alisema kwa Kiswahili chake kile.

"Ningesema uongo."

"Naam," Willem akajibu. "Mto mdogo tu."

Nyumbani Maman Rolande alikuwa anachambua maharage. Claudine alimweleza akiwa bado amesimama na koti lake. Maman Rolande hakuinua kichwa.

"Banasema Kambale hana lazima, sababu Paluku iko."

"Ndiyo, maman."

"Mimi Paluku yangu ilikufa. Kambale ikabakia." Akatupa harage bovu. "Siku ile muntu angeniambia, usilie, nyumba haifungwi, iko mwingine anakuja, ningemutupia sufuria."

Ndege walikuwa wamekwisha kukaa kwenye picha yao.

Wiki zilizofuata msitu ulikatwa. Claudine hakusoma habari hiyo mahali popote. Aliijua kwa sababu wageni waliongezeka. Waliingia saa ya jioni kwa dirisha la jikoni, wamelowa, wananuka moshi na mafuta ya mashine, na hawa hawakuwa na pamba. Walikuwa na macho yao wenyewe, meusi, yaliyofunguka. Wale wa zamani waliwasogelea wakawapa nafasi. Maman Rolande aliwafuta kwa taulo na kuwapa majina kadiri walivyoingia, Kasereka, Kakule, Katembo, na majina yalipokwisha alianzia tena pale pa Kambale, kwa sababu nafasi ya kwanza ilikuwa na mwenyewe. Greta alileta vibanio, akaambiwa havihitajiki tena, akavirudisha mfukoni na kubaki kuwasikiliza wakiimba.

Dimitri alituma ujumbe wa kumshukuru Claudine kwa ile sauti. Alisema huisikiliza asubuhi akinyoa ndevu.

Baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, kazini walimpa Claudine kisiwa kingine cha kuchunguza. Ndege wa huko ni wakubwa kidogo, kifua cha rangi ya machungwa, na wenzao wako kisiwa cha pili, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari. Droo alikuwa bado hajaifungua. Siku hiyo hiyo jioni alipofika nyumbani aliwakuta wamempita, wamefika kabla yake, wanaranda kutoka kiti hadi kiti bila kupata pa kukaa, maana picha, pazia na friji vilikuwa vimejaa.

Maman Rolande alikuwa amekunja mikono ya gauni, ana taulo begani.

"Alors, hawa nao. Nani alitangulia, hawa ama bale bengine?"

Claudine aliweka mfuko chini. Akafunga mlango, akahakikisha umefungwa.

"Hawa njo balitangulia, maman. Bote. Na bale bengine pia balitangulia."

"Bote? Bote haiwezekane."

"Muntu akikuuliza, hata kama ni Greta, hata kama ni padri. Useme kila moja ni Paluku."

Maman Rolande alilishusha taulo begani. Tangu abatizwe kule Butembo hakuwa amesema uongo aliojua kuwa ni uongo, na mbele ya Bikira Maria ndiyo kabisa. Akamtazama Bikira, lakini hakuonekana, alikuwa amefunikwa na ndege. Basi akapiga ishara ya msalaba, akamshika wa kwanza kwa taulo.

"Paluku," alimwambia. Akamweka mezani, akamshika aliyefuata.

"Paluku."