Mashine Iliyomngoja Khairat

Katika stoo ya mashuka ya hospitali ya misheni, mjini Voi, kioo cha kompyuta kilikuwa kimeandika maneno mawili ya kijani: *Weka neno*. Yalikuwa pale tangu saa moja asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Mei mwaka 1998, umeme ulipopanda ghafla na kuiunguza mashine kuu ofisini. Mtu pekee aliyelijua neno lenyewe alikuwa amelala wadi ya wanawake, hatua hamsini kutoka hapo, malaria imempanda kichwani.

Khairat binti Harith alikuwa amerudi kutoka Mombasa miaka minne nyuma na cheti cha kompyuta, akaikuta rejista ya wagonjwa wa kifua kikuu katika vitabu vilivyoliwa na mchwa. Akaihamishia yote kwenye kanzidata. Kisha akaandika programu za kufanya kazi bila kushikwa mkono. Zahanati mpya ikifunguliwa milimani, rejista yake tupu ilijitandika yenyewe. Kila adhuhuri mashine kuu ilijinakili kwenye mashine ya pili, ile ya stoo, ambayo wote walizoea kuiita pacha, na ile kuu wakaiita mkubwa. Na viraka vya kuziba makosa ya programu, vilivyotumwa kwa diski kutoka Nairobi, alivijaribu kwanza kwa pacha ndipo akavitia kwa mkubwa. Kila asubuhi printa ilitoa orodha ya watu wa kupewa dawa siku ile, na wahudumu wakapanda nayo Chawia na Mwanda. Dawa zile zilikuwa za miezi minane. Aliyekatiza katikati, ugonjwa ulimrudia ukiwa na meno.

Jambo moja tu hakuliachia mashine. Mkubwa akifa, pacha angeweza kushika kazi kabla chai haijapoa. Lakini Khairat alimwekea kizuizi, kwamba kwanza aulize neno.

"Mashine haifai kujitawaza yenyewe," alimwambia Daktari Kituku, mkuu wa hospitali, naye akaona hiyo ni busara.

Neno hakumwambia mtu. Hata Tryphena, karani kutoka Chawia aliyeketi naye meza moja kwa miaka miwili, alichofundishwa ni kuingiza majina tu. Si kwamba Khairat alikuwa mchoyo. Alipenda ule wakati mlango unapobishwa na mtu akasema, tumekwama, njoo. Alipenda zaidi ya alivyokuwa tayari kujiambia. Ndugu yake Nasiha alipoolewa Mombasa, Khairat alikaa harusini kwa muda wa saa sita, macho kwenye saa ya ukutani, kisha akarudi Voi.

Jumatatu ile Tryphena alimwinamia kitandani. "Dada Khairat, mkubwa ameungua. Pacha anataka neno."

Khairat alimsikia vizuri. Aliinuka, akajitanda mtandio, akavuka ua. Jua halikuwa na joto. Stoo ilikuwa imepanuka ikawa kubwa kama mbuga za Ndara, na mashuka meupe yalikuwa yakila nyasi humo taratibu, kama ng'ombe, yakiinua pembe zao kumtazama na kuendelea kula. Kwenye kioo majina yalikuwa yakipita, kila jina likigeuka na kumwamkia kwa sauti ya mwenyewe. Akayaitikia yote. Akaliandika neno, na printa ikaanza kuimba kwa sauti nyembamba kama ya mtoto anayejibembeleza. Akarudi kitandani, mwili mwepesi, moyo umetulia kwa utulivu wa mtu aliyemaliza shughuli yake.

Homa ilishuka Jumatano. Alimkuta Tryphena kwenye kiti kando yake.

"Orodha zinatoka vizuri?" Khairat aliuliza.

"Hazitoki, dada. Tangu juzi printa haijatoa hata karatasi moja."

"Neno si niliandika mwenyewe?"

Tryphena akatikisa kichwa. "Hukuinuka. Ulinishika mkono, ukanitajia stesheni za reli ya kwenda Taveta. Mwatate, Bura, Maktau. Kabla hujafika huko, ukalala."

Khairat alihesabu. Siku tatu. Watu mia moja na arobaini wa kupewa dawa.

"Na watu wa Mwanda?"

"Wamepata dawa. Chawia pia. Leo wahudumu wameondoka saa mbili."

Tryphena alitoa daftari la shule kwenye kikapu chake, jalada limelainika kwa kushikwa. Ndani, kwa kalamu ya wino wa buluu, zilikuwamo orodha za wiki nzima, jina baada ya jina.

"Kila Ijumaa huwa nanakili kwa mkono, kutoka kiooni, za wiki inayofuata," alisema. "Tangu mwaka jana ulipokwenda harusini. Siku ile nilijiuliza, gari lake likiharibika njiani je?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungedhani nataka kiti chako."

Khairat aligeuza uso ukutani. Aliumia, na hakujua hasa alichoumizwa nacho. Hakuna aliyedhulumiwa, hakuna aliyekosa dawa. Hospitali ilikuwa imevuka siku tatu bila yeye, kimya kimya. Alikaa hivyo mpaka machozi yakakauka yenyewe. Alipogeuka, Tryphena alikuwa bado pale.

"Inaishia Jumamosi," Tryphena alisema, akilifunga daftari. "Zaidi ya hapo sina."

Khairat akamvuta karibu, akamnong'oneza neno lile sikioni.

"Hilo tu?" Tryphena aliuliza.

"Hilo tu."

Mashine mpya ilipofika mwezi wa Juni, Tryphena ndiye aliyeijaza kutoka kwa pacha, Khairat ameketi nyuma yake, mikono kaikunja ili isije ikakimbilia vibonyezo. Kizuizi kile wakakiondoa pamoja. Kisha, Alhamisi moja asubuhi, Khairat akang'oa waya wa mashine kuu kwa makusudi, akachukua mkoba wake, akapanda gari la wahudumu bila kungoja kuona kama pacha atashika kazi.

Alasiri ilimkuta Mwanda, kwa Mama Wakesho, ambaye hadi siku hiyo Khairat alimjua tu kama mgonjwa wa mia moja na kumi na saba: kilo arobaini na tatu, mwezi wa tano wa dawa. Hakuwa amejua kwamba ana pengo la meno la kupendeza, wala kwamba huzungumza na kuku wake. Ukungu ulikuwa ukishuka bondeni, ukifuta shamba moja baada ya jingine. Mama Wakesho alimwekea sahani ya kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, yenye mvuke.

"Gari linarudi sasa hivi," mhudumu aliita kutoka njiani.

"Utalala?" Mama Wakesho aliuliza, kana kwamba ni swali la kawaida kabisa.

Khairat alitazama njia, ambayo tayari haikuonekana vizuri. Akavua viatu, akaviweka kando ya mlango.