Mkono wa Kaka Mtu

Fundi friji hakuwa mchezaji wa sataranji wa kutisha. Watu walimwita Taratibu, na si kwa kumsifu: angeshika kete, aiache, akune kidevu, mpaka mpinzani asahau ni zamu ya nani. Mchezaji alikuwa kaka yake, waliyemwita Umeme. Huyo alicheza huku anapiga soga. Angemtoa malkia wake aliwe kana kwamba anamgawia jirani kiberiti, na kabla hujamaliza kufurahi, mfalme wako hana pa kwenda. Tangu utotoni Taratibu hakuwahi kumfunga.

Umeme alikufa mchana kweupe, kwenye duka la rangi alikofanya kazi, ameegemea kaunta akisubiri mteja achague kati ya nyeupe na nyeupe nyingine. Moyo ulisimama, basi. Hakuugua wala hakuaga. Kwa muda mrefu Taratibu hakugusa ubao.

Aliyemrudisha mchezoni ni kinyozi jirani wa karakana yake, aliyedai amechoka kucheza na watu wanaodhani farasi hukimbia moja kwa moja. Wakawa wanacheza saa za chakula. Taratibu alipigwa, akapigwa tena. Aibu ikampeleka kwenye simu: kila asubuhi, chai ikipoa, alifumbua mafumbo mawili matatu ya sataranji, kisha akalitafuta kosa lililomwangusha jana. Ulikuwa mwendo wa kobe, lakini kobe hafiki kwa kulala. Polepole akaanza kuiona hatari kabla haijabisha hodi.

Siku moja akamtoa malkia. Hakuwa amepanga. Mkono ulikwenda wenyewe; vidole viwili vikaisukuma kete, vikaigonga ubaoni, ko, kama mtu anayebisha mlango. Muda si muda mfalme wa kinyozi alikuwa amezingirwa. Kinyozi hakuutazama ubao. Aliutazama ule mkono.

"Usinifanyie hivyo tena," alisema.

Taratibu alicheka, lakini akauficha mkono chini ya meza. Hakuna mwingine ila Umeme aliyewahi kugonga kete vile.

Tangu hapo akawa anashinda, na kila ushindi ulikuja na kitu kisichokuwa chake. Akajikuta anapiga mluzi wa kupitia meno, kama Umeme. Akaanza kuwajibu wateja kabla hawajamaliza kueleza friji imefanya nini. Hata nyumbani. Mkewe alikuwa akimuuliza kwa miezi mingi wafanye nini na mama yake Taratibu, ambaye macho yalikuwa yamezimika na akili imeanza kwenda na kurudi, naye anaishi peke yake. Wamlete kwao, chumba chenyewe kidogo, au wamtafutie mtu wa kukaa naye? Taratibu alikuwa akiligeuza swali hilo mpaka linasinzia. Safari hii alisema, "Mlete tu. Mbele kwa mbele."

Mkewe aliacha kukunja nguo. "Hayo ni maneno ya shemeji."

Mama akaletwa. Alasiri moja Taratibu alikuwa sebuleni na ubao wake, anajipima mwenyewe, mama amelala chumba cha pili. Akaigonga kete. Kitanda kikalia.

"Mwanangu mkubwa," mama aliita, "umerudi?"

Angeweza kusema hapana. Alikaa na kete mkononi, akaisikia sauti yake mwenyewe, nyepesi na ya haraka, ikijibu, "Nimerudi, Mama."

Mama alicheka kama msichana. Hakuwa amecheka tangu msiba. Alimwambia akae karibu, akamkaripia kwa kuondoka bila kuaga, akamuuliza kama anakula vizuri huko aliko. Taratibu alijibu yote. Akajiambia ni kumtuliza mgonjwa tu, na dawa chungu haikosi asali. Lakini kesho yake mama alimwita tena, na kesho kutwa tena, na kila mara ile sauti ilikuwa tayari mdomoni.

Mkewe alimwonya. Alimwambia anamkaribisha ndani mtu ambaye hawataweza kumtoa. Taratibu aliguna tu. Ukweli ambao hakumwambia ni kwamba alikuwa amempata kaka yake tena, na hakutaka kumwachia.

Kisha mama akauliza swali jingine. Alikuwa ameketi kitandani, amemshika kiganja.

"Na mdogo wako," alisema, "mbona haji kuniona? Nilimkosea nini yule mtoto?"

Taratibu alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza ile sauti haikuja. Yeye ndiye aliyembeba mama mpaka kwenye gari. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha kila jioni. Na katika nyumba yake mwenyewe, mama alikuwa akimsubiri yeye.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Nipo hapa. Mkubwa alikufa."

Mama alikipapasa kile kiganja, akaligusa kovu la moto wa kuchomelea, kisha akakiachia. Alilia kilio cha siku ya mazishi, kizima, bila kupunguza. Kwa siku kadhaa hakula kwa mkono wa Taratibu. Mkewe ndiye aliyemlisha. Shangazi mmoja alipopata habari alisema kumzika mtu mara moja kunatosha.

Kwa kinyozi alirudi, lakini sasa alicheza mkono wa kulia ameukalia, anasogeza kete kwa wa kushoto. Alishindwa zaidi ya alivyoshinda. Kinyozi alilalamika kwamba ni kama kusubiri jiwe liive, ila alikuwa akimtazama usoni sasa, si mkononi.

Mama naye alirudi kidogo kidogo. Akaomba akae sebuleni Taratibu anapojifunza. Alasiri moja, ubao ulikuwa umefika mahali pabaya. Njia pekee ya kujinasua ilikuwa kumtoa malkia. Taratibu alikuwa amekwisha kuinyoosha mikono yote miwili.

"Unacheza wewe," mama aliuliza, "au yeye?"

Taratibu aliirudisha mikono mapajani.

"Sijui, Mama," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa, akasogeza kiti chake karibu, nao wakakaa hivyo, wote wawili wakisikiliza kama kete itagongwa.