Mlango wa Jiko la Meli

Usiku wa kuamkia Jumapili niliota meza yangu ya kazi imekuwa bandari, na mimi nimepanga foleni nyuma ya magego.

Sikushangaa, kwa sababu magego nayafahamu. Naitwa Kabula, fundi wa meno ya bandia, na kwa miaka ishirini nimewatengenezea meno wazee wengi wa Mwanza. Magego yaliyokuwa mbele yangu yalikuwa ya mkono wangu yote, kila moja na begi lake, yakiwasengenya wazee wenye nayo kwa sauti ya chini. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua linawaka vizuri.

Meli tuliyokuwa tunasubiri kuipanda ilikuwa Igokelo. Igokelo ya kweli ilikatwa zamani ikawa chuma chakavu. Hii ni ile ninayoijenga mezani tangu mwezi wa kwanza, ndogo mara mia, bila kununua kipande hata kimoja kilicho tayari. Vyuma vya pembeni ni waya wa kunyooshea meno. Kamba ni uzi wa kusafishia meno. Vioo vya madirisha ni picha za eksirei za meno ya watu, nimezikata kwa mkasi wa kucha.

Naijenga kwa ajili ya mama. Mama haoni tena, presha ya macho imemaliza macho yote mawili, kwa hiyo meli yake ni ya kushika. Mwezi uliopita alipitisha vidole juu yake toka mbele hadi nyuma, kisha akasema, "Kabula, hili ni kopo. Meli ya baba yako siyo hii." Akanawa mikono, akaomba chai. Jumapili hii saa nne alikuwa aje mara ya mwisho, maana saa sita kaka yangu Ndalahwa anamchukua kwenda kuishi naye Tabora. Tabora hakuna ziwa. Nilitaka sana aiage meli ile, na aiage akiwa ameijua.

Tatizo lilikuwa mlango wa jiko. Baba, marehemu mzee Maduhu, alikuwa mpishi wa Igokelo miaka ishirini na miwili, na mama alimfahamu pale mlangoni, siku aliyokwenda kumgombeza kwamba andazi lake limejaa iliki. Aliendelea kumgombeza hivyo hivyo mpaka tukamzika. Mimi mlango ule siukumbuki ulifungukia wapi. Ndalahwa anasema ndani. Binamu yetu anasema ulikuwa wa kuburuta. Basi nikauchora tu ukutani kwa wino, nikapaka rangi ya kijivu, nikabandika kitasa cha shaba nilichokichonga kwa kichwa cha pini. Kitasa kile nilikisugua saa tatu nzima, kwa sababu nilijua nimedanganya.

Sasa foleni inasogea. Langoni amesimama rula yangu ya chuma, kavaa kofia ya unahodha. Ni mzee, milimita yake ya kwanza imefutika.

"Shikamoo," namwambia.

"Marahaba. Unapanda na nini?"

"Niko peke yangu."

"Sikuulizi uko na nani. Kila kinachopanda kinagawanywa kwa mia." Ananipima kisigino hadi utosi. "Milimita kumi na sita, na kinachozidi kibaki gatini. Umri?"

"Arobaini na sita."

"Miezi mitano na nusu."

Nikapitisha ulimi kwenye ufizi, nikakuta sina jino hata moja. Kwa fundi wa meno si jambo la kujivunia, lakini magego yalikuwa na adabu, yakatazama pembeni.

"Na hicho ulichokumbatia kifuani?" akauliza rula.

Nikatazama. Nilikuwa nimebeba kitu kama furushi. "Ni hamu ya kumwona baba," nikasema.

Akakipima kwa marefu, akakigeuza, akakipima kwa mapana. Akajipangusa uso.

"Hiki hakina urefu," akasema. "Pita nacho kilivyo."

Nikapita nacho kilivyo. Kwa mtu wa milimita kumi na sita kilikuwa kizito, sitaki kuongopa.

"Na ukumbuke," rula aliniita nyuma, "siku moja ya huku ni dakika kumi na nne."

Sitahani mambo yalikuwa shwari. Vyuma vya pembeni vilikuwa vinawavuta abiria polepole, vikiwapanga mstari mmoja ulionyooka, na hakuna aliyelalamika. Kila dirisha lilikuwa na jino ndani yake. Moja likaniuliza kama mzizi wake una tundu. Nikalitazama vizuri, nikasema lipo, dogo. Likasema ahsante, lilikuwa na wasiwasi tangu mwaka juzi.

Nashuka ngazi kwenda chini, na chini ni kliniki yetu. Kwenye benchi wameketi wagonjwa, na muuguzi Pendaeli anaita namba. Anaita kumi na sita. Nainuka. Naingia chumba cha daktari, na chumba cha daktari ni sitaha ya kushoto, mbele ya jiko.

Kuna mtu anagonga kwa ndani.

"Nani?" nikauliza.

"Mpishi."

Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka ishirini na miwili. Nikaweka furushi chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Ni wewe uliyejenga huku?"

"Ni mimi."

"Pazuri. Jiko linavuta moshi vizuri kuliko lile la zamani. Ila tangu mwezi wa pili nasukuma ukuta."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningepata pa kushika. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto, nikafanya wanavyofanya mafundi wote wakishikwa: nikatetea kazi.

"Mbona kitasa kipo, baba? Cha shaba."

"Kitasa cha nini?"

"Cha kufungulia."

Akacheka. "Kabula, mpishi ana mikono mingapi? Huu una sinia, huu una birika. Miaka yote ile sijawahi kushika kitasa."

"Sasa ulikuwa unafunguaje?"

"Kwa kiuno. Nasukuma hivi, unafunguka nje, natoka. Hata bati lilibonyea pale kiunoni. Nahodha akataka lipigwe nyundo linyooke, nikamwambia aliache, ndipo pangu hapo. Haya, fungua basi, maandazi yanapoa."

Nikakimbilia gatini kuchukua msumeno wangu mdogo. Ulikuwa umelala pale, mrefu kama reli ya treni.

"Haujagawanywa," akasema rula. "Na hauna umri wa kugawanya, ni wa wiki iliyopita."

Nikarudi. Nikajaribu kuuma ule mstari wa wino kwa ufizi. Ladha yake ilikuwa mbaya, na dakika zinakwenda. Nikamwambia baba, "Sina meno." Akasema, "Hata zamani hukuwa nayo, nikawa nakulowekea andazi kwenye chai. Usijali." Lakini nilijali. Nilijali kuliko nilivyowahi kujali kitu kingine chochote.

Gego moja likatoka kwenye mstari, likaweka begi chini.

"Mimi ni wa Bibi Nyanzobe wa Igoma," likasema. "Alinirudisha kwako mara tatu, akisema nina makali."

"Nakukumbuka. Nilikusaga sana. Nisamehe."

"Hapana neno. Kidogo ninayo bado."

Likauma kuanzia juu, likashuka, likakata chini, likipumzika kila kona. Kitasa cha shaba kikabanduka. "Saa tatu nzima za kusuguliwa," kikasema, kikabingirika taratibu hadi ukingoni na kutumbukia majini.

Kikatokea kwanza kiuno. Halafu baba mzima, milimita kumi na saba, aproni ile ile yenye kiraka, sinia mkono huu na birika mkono huu. Nikafurahi mno, nikalia kama mtoto wa miezi mitano na nusu. Yeye hakuwa na mkono wa bure, akanifuta uso kwa kiwiko.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Kila siku bado." Akawagawia abiria. Magego yakala kwa raha, ndiyo kazi yao. "Mama yako anakuja saa ngapi?"

"Saa nne. Halafu anahamia Tabora."

Baba akalitazama ziwa. "Tabora mbali," akasema. "Sasa hivi nina wateja wengi. Nitamwachia moja kizingitini. Mwambie iliki nimepunguza."

Nilikuwa na mambo mengine mengi ya kumwambia, nimeyatunza miaka. Nikafungua kinywa, na rula akapiga honi. Dakika kumi na nne zilikuwa zimekwisha.

Nilipoamka jua lilikuwa limeingia chumbani. Nikaenda mezani hata kabla ya kunawa. Mlango ulikuwa wa kuchorwa vile vile, na kitasa kinang'aa mahali pake. Niliumia, siwezi kuficha.

Lakini sasa nilijua. Nikaketi, nikakata ule mstari kwa kisu chembamba, nikatengeneza bawaba mbili za waya, mlango ukafunguka nje. Nikabonyeza bati kwa ndani kwa ncha ya mviringo, likavimba nje, milimita tisa kutoka chini, mahali pa kiuno. Kitasa nikakitupa kwenye kopo la takataka. Kisha nikaingiza kioo cha kutazamia meno nikachungulia jikoni. Palikuwa patupu, pasafi, kama nilivyopaziba mwezi wa pili. Nikapuliza vumbi, nikafunga.

Mama alifika saa nne, Ndalahwa akabaki nje akifunga mizigo kwenye gari. Nikamkalisha mbele ya meza. Vidole vyake vikapita kwenye bomba la moshi, kwenye vyuma vya pembeni, kwenye madirisha. Vikafika ukuta wa jiko. Kidole gumba kikapanda juu ya kile kivimbe, kikakaa.

"Kiuno chake," akasema mama. Sauti ilikuwa ndogo.

Akauvuta mlango kwa ukucha, ukafunguka nje bila kukwama. Akagusa kizingiti. Alipoinua kidole, kulikuwa na kitu kimenata kwenye ncha yake, cha kahawia, kidogo kuliko punje ya ulezi.

"Mama, acha, hiyo ni takataka ya—"

Alikwisha kukiweka ulimini. Akakitafuna taratibu kwa yale meno niliyomtengenezea mwenyewe, kama mtu anayekula andazi zima, mpaka akamaliza.

"Kila siku ananiambia amepunguza iliki," akasema. "Hajapunguza."